Ukimuuguza mtu wodini: namna ya kumkinga na madhara yanayozuilika

Kila mtu wa mtaani kwetu akilazwa, simu yangu huanza kuita. "Dada, dripu imeisha na sista haonekani, nifunge mwenyewe?" "Shangazi, bahasha imeandikwa 2x2, ni vidonge viwili mara mbili au vinne kwa mkupuo?" "Mama ametundikiwa damu, sasa anatetemeka, ni kawaida?" Maswali ni yale yale, na kila anayeuliza anauliza kwa mara ya kwanza, ana hofu, amesimama koridoni. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja ili uyasome ukiwa bado nyumbani, umetulia.

Mimi si daktari wala muuguzi. Nimemuuguza mama yangu wiki tatu wodini, nikamuuguza mdogo wangu alipojifungua kwa upasuaji, na baba mkwe alipopata kiharusi. Mengi ya yaliyomo humu nimefundishwa na masista wenyewe, pembeni ya kitanda, saa nane za usiku. Mengine nimejifunza kwa kukosea.

Elewa jambo moja kabla hatujaanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wagonjwa 10 wanaohudumiwa, mmoja hudhurika kutokana na huduma yenyewe. Watu zaidi ya milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yanaweza kuzuiliwa, na nusu ya hayo yanayozuilika yanatokana na dawa. Wahudumu hawafanyi makusudi. Sista mmoja wa zamu ya usiku ana wodi nzima mikononi mwake, majibu ya maabara yamechelewa, na daktari aliyempokea mgonjwa wako ameshatoka zamu. Wao hupokezana. Wewe unayeuguza ndiye unayeijua habari yote tangu ilipoanzia nyumbani, kwa hiyo wewe ndiye kumbukumbu ya mgonjwa pale anaposhindwa kusema mwenyewe.

Vya kuandaa kabla ya kwenda

- Daftari dogo na kalamu. Ifunge kalamu kwenye daftari kwa kamba, la sivyo kesho haipo.
- Karatasi moja yenye majina matatu ya mgonjwa kama yalivyo kwenye kitambulisho au kadi ya bima, umri, uzito, magonjwa aliyonayo, dawa zinazomdhuru, na namba za simu za watu wawili. Kundi la damu usiliandike kwa kukisia.
- Dawa zote anazotumia nyumbani, zikiwa kwenye maboksi au bahasha zake. Zikusanye kwenye mfuko mmoja, pamoja na mitishamba.
- Sabuni, kitakasa mikono, khanga mbili safi, kandambili zisizoteleza, kikombe kidogo cha kupimia dawa ya maji.
- Simu yenye chaji, na ratiba ya nani anauguza siku gani.

Hatua kwa hatua

1. Chagueni msemaji mmoja. Shangazi akiuliza asubuhi, kaka mchana, mke jioni, daktari atatoa majibu matatu mafupi na nyumbani yatafika matatu tofauti. Mtu mmoja azungumze na madaktari, awape wengine habari kwenye kundi la WhatsApp la familia. Anayempokea zamu akabidhiwe daftari, amsomee kwa sauti yaliyoandikwa siku hiyo.

2. Tumia majina kamili, kila mara. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu kosa hili linatokana na heshima zetu wenyewe.

Mama yangu alikuwa wodi moja na mama mwingine, kati yao vitanda vitatu. Wote wawili tuliwaita Mama Asha, maana dada yangu mkubwa ni Asha, na yule mama naye ana Asha wake. Saa kumi na mbili jioni akaingia sista ambaye hatukuwa tumemwona kabla, na trei yenye mabomba manne ya sindano. Kila bomba lilibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu. Akauliza, "Mama Asha ni nani hapa?" Mama yangu, macho yakiwa mazito kwa usingizi, akaitika, "Abee." Sista akasogea, akaanza kupandisha mkono wa gauni. Nikasema, "Samahani sista, hiyo imeandikwa jina gani kamili?" Akaligeuza bomba kwenye mwanga wa dirisha, akasoma plasta, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kitanda cha tatu. Ilikuwa insulini, dawa ya kushusha sukari. Mama yangu hana kisukari, na tangu mchana alikuwa hajala kitu.

Baadaye alikuja kunishukuru. Sikumwona kuwa mzembe. Alikuwa amemwita mgonjwa kama sisi sote tulivyokuwa tukimwita.

Kwa hiyo, wodini hakuna Mama Fulani, Bibi wala Babu. Kabla ya sindano, kidonge, damu, kuchukuliwa vipimo au kupelekwa picha, mgonjwa ataje majina yake matatu mwenyewe. Asipoweza, yataje wewe. Usikubali swali la "Wewe ndiye fulani?" likajibiwa "Ndiyo", kwa sababu mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Vichupa vya damu inayopelekwa maabara viandikwe jina hapo hapo kitandani, ukiona. Mtoto mchanga afungwe utepe wenye jina la mama yake kabla hajatenganishwa naye.

3. Taja dawa zinazomdhuru bila kungoja kuulizwa. Sema unapopokelewa, sema wodini, sema tena kabla ya upasuaji. Omba iandikwe juu ya faili kwa herufi kubwa. Eleza ilivyotokea, maana daktari anahitaji kutofautisha. "Alipokunywa Septrin alitoka vipele mwili mzima na mdomo ukachubuka" ni habari nzito sana. "Dawa ile ilimtia kichefuchefu" ni habari nyingine. Penisilini na dawa za jamii yake ndizo za kuuliza kwanza.

Na mitishamba taja. Najua wengi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa. Lakini dawa za kienyeji zinaweza kushusha sukari au presha, kuzidisha damu kutoka, au kuelemea figo na ini. Daktari asipojua atatafuta sababu mahali ambapo haipo. Ukiona aibu mbele ya watu, mwombe msogee pembeni.

4. Andika kila dawa inayoingia mwilini. Ukurasa mmoja kwa siku. Mstari mmoja wa daftari langu ulikuwa hivi: *Jumanne, saa 2 usiku, sindano ya mshipa, ya maambukizi, joto kabla 38.4, baada ya saa moja 37.6.* Unatosha.

Kwa kila dawa mpya uliza maswali manne: inaitwaje, ni ya nini, kiasi gani na kwa siku ngapi, na nikiona nini nije kuwaambia. Ukipewa dawa yenye rangi au umbo tofauti na ya jana, uliza kabla haijamezwa. Mara nyingi ni ile ile kutoka kiwanda kingine. Siku moja haitakuwa ile ile.

Kuna mitego ambayo naiona kila mara.

*Saa.* Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, chati ya hospitali inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kwenye chati 8 ni saa mbili asubuhi, 14 ni saa nane mchana, 20 ni saa mbili usiku. Ukisikia "ya saa nane", uliza kama ni mchana au usiku, kisha andika kwa namna moja tu daftari zima. Nimewahi kukuta ndugu wawili waliopokezana zamu, mmoja anaandika kwa saa za Kiswahili na mwingine kwa saa za simu yake. Mgonjwa karibu apewe dawa ya presha mara mbili usiku mmoja.

*Bahasha ya dirisha la dawa.* 2x2 maana yake ni vidonge viwili, mara mbili kwa siku. 1x3 ni kimoja, mara tatu. Na "mara tatu kwa siku" usiifanye asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama, halafu usiku kucha hakuna kitu. Gawa siku yote: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Dawa mseto ya malaria iitwayo ALu ina utaratibu wake: dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha zinazofuata asubuhi na jioni hadi dozi sita ziishe, kila moja na chakula au maziwa. Homa ikishuka siku ya pili, bado unamaliza zote.

*Dawa ya maji ya mtoto.* Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kikombe au bomba lenye alama, na kama umeambiwa mililita 5, jaza hadi alama ya 5 ukiwa umekishika usawa wa macho. Matone ya parasetamoli ya watoto wachanga mara nyingi ni makali kuliko dawa ya maji ya chupa, kwa hiyo usihamishe kipimo cha chupa moja kwenda nyingine. Antibayotiki ya unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye mstari wa chupa, na hutikiswa kila unapompa.

*Parasetamoli iliyojificha.* Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Mgonjwa akipewa wodini, kisha mgeni akamletea nyingine za mfukoni, ini ndilo linaloumia, tena kimya kimya.

5. Mikono. Nawa kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, kabla ya kumlisha, baada ya kumsaidia chooni, na kabla ya kumgusa mgonjwa wa kitanda cha pili unayemsaidia kwa wema wako. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka. Una haki ya kumwambia mhudumu, "Daktari, kitakasa kipo hapa." Nyosha chupa huku unasema. Sijawahi kuona aliyekataa.

6. Kulisha. Huku ndiko sisi ndugu tunakodhuru kwa mikono yetu wenyewe, na kwa upendo. Baba mkwe alipopata kiharusi, siku ya pili tu shemeji yangu alimletea uji wa ulezi, mwepesi, umepozwa vizuri. Mzee alikuwa amelala chali, mdomo umepinda, macho nusu. Shemeji akamkingia kijiko. Uji ukaingia, mzee hakukohoa sana, akatoa sauti kama mtu anayesukutua maji kooni. Usiku ule pumzi zikaanza kukoroma, asubuhi joto liko juu. Uji ulikuwa umeingia kwenye mapafu.

Kwa hiyo, mtu aliyepata kiharusi asipewe chochote mdomoni, hata maji ya kulowesha ulimi, mpaka mhudumu ampime kama anaweza kumeza. Mgonjwa asiyeamka vizuri ukimwita, usimlishe. Mgonjwa yeyote umkalishe wima, kidevu kiinamie kifua kidogo, kijiko kidogo, umngoje ameze ndipo uongeze. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa, sauti ikiwa na majimaji, au machozi yakimtoka wakati wa kumeza, acha na umwite sista. Mwenye mpira wa kulishia puani, usimimine kitu mpaka uonyeshwe namna ya kuhakikisha kwamba mpira uko tumboni.

Wageni waambie kabla hawajafungua hotpoti. Kama anatakiwa kufunga kwa ajili ya upasuaji, andika karatasi "HALI WALA HANYWI" na uibandike kitandani, kwa sababu bibi wa kitanda jirani atamwonea huruma na kumpa chai.

7. Kumgeuza na kumzuia asianguke. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Angalia mgongo chini kiunoni, visigino na nyonga. Ukiona wekundu usiopotea unapobonyeza kwa kidole, hicho ni kidonda kinaanza. Mwambie sista na usimlaze tena upande huo. Khanga iliyo chini yake inyooshwe, mikunjo inakata ngozi. Wengi huanguka wakienda chooni usiku, kwa hiyo mpeleke kabla hajalala na kausha sakafu. Ukimwinua, mketishe kwanza pembeni ya kitanda dakika chache, kizunguzungu kipite.

8. Dripu, oksijeni, mipira na damu. Usiguse kirola cha dripu, kile kigurudumu cha kwenye mpira kinachopunguza au kuongeza kasi. Najua inaonekana inadondoka polepole na wewe una haraka iishe, lakini dawa nyingine zikiingia kwa kasi zinaweza kusimamisha moyo, na maji mengi kwa mkupuo yanaweza kujaza mapafu, hasa kwa mtoto au mwenye ugonjwa wa moyo. Ikikaribia kuisha, mwite sista mapema. Mahali palipochomwa kanula, yaani kimrija kinachoachwa kwenye mshipa, pakiwa pamevimba, pana joto au panauma, mwonyeshe siku hiyo hiyo. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu na usigusane na sakafu, na kila siku uliza kama mpira bado unahitajika. Oksijeni usiipunguze wala kuiongeza.

Damu inapotundikwa, wahudumu hulinganisha jina, namba ya faili, kundi la damu na namba ya chupa, wakiwa wawili. Omba wasome kwa sauti. Dakika 15 za kwanza usitoke hata kwenda kununua maji. Akisema anasikia baridi, akitetemeka, akiwashwa, kiuno kikimuuma, akibanwa pumzi au akikojoa mkojo mwekundu, piga kelele iliyo wazi: "Sista, damu imemkataa!" Hiyo inafungwa sekunde hiyo.

9. Kabla ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8, mojawapo ikiwa Ifakara hapa kwetu Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi tu, na watu kukubali kusimama dakika moja waulizane.

Wewe hutaingia chumba cha upasuaji, ila unaweza kuuliza mlangoni: mnatumia ile orodha ya ukaguzi? Hakikisha mgonjwa amesema mwenyewe jina lake, anapasuliwa nini na upande gani, na kwamba upande huo umewekewa alama kwa kalamu. Fomu ya ridhaa isomwe kabla ya kusainiwa. Kama hamkuelewa, daktari aeleze tena kwa Kiswahili. Taja meno ya bandia, toa heleni na cheni, futa rangi ya kucha, na kama kucha zina piko sema, kwa sababu kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kusoma vibaya.

10. Mama aliyejifungua. Sitarefusha, lakini hili usilikose. Saa za mwanzo baada ya kujifungua ndizo za kukesha. Pedi ikijaa ndani ya saa moja, damu ikitoka na mabonge makubwa, akiwa baridi na jasho, au akisema kichwa kinapasuka na anaona maluweluwe, mwite mkunga papo hapo. Usikubali kauli ya ndugu kwamba "damu chafu inatoka."

11. Kabla hujatoka getini. Siku ya ruhusa kila mtu ana haraka, bajaji inangoja, bili imelipwa. Kaa chini dakika kumi na sista. Zipange dawa zote kitandani: hizi mpya, hizi za zamani anaendelea nazo, hizi anaacha. Mara nyingi mtu anarudi nyumbani na dawa mbili za presha za kazi moja, kila moja na jina lake. Uliza dalili za kumrudisha, tarehe ya kliniki, na majibu ambayo hayajatoka. Kama kuna kinyama kilichopelekwa maabara, andika namba yake na siku ya kukifuatilia. Kisha mrudishie sista maelezo yote kwa maneno yako, akurekebishe.

Usingoje mtu alazwe

Tangu 2019, tarehe 17 Septemba ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, na rangi yake ni ya chungwa. Sisi kwenye kikoba chetu tuliitumia hivi: kila mwanachama alikuja na dawa za nyumbani kwake kwenye mfuko, tukajaza ile karatasi moja ya kila mtu wa familia. Iliisha kwa muda wa kikao kimoja. Mama mmoja aligundua kwamba mumewe na mkwewe wanachangia kopo moja la vidonge vya sukari. Fanyeni baada ya ibada, kwenye msiba wa arobaini, popote watu wanapokaa pamoja. Mkimpata muuguzi wa zahanati ya jirani aje kujibu maswali, vizuri zaidi.

Ukikwama

*Sista ananijibu kwa ukali, "Wewe ndiye daktari?"* Usijibu kwa ukali. Sema, "Hapana sista, nisaidie tu nielewe ili nisikosee nikiwa peke yangu." Uliza wakati hana dawa mkononi, maana anayekatizwa akipima dawa ndiye anayekosea. Kama ni suala la jina au dawa inayomdhuru, hilo halingojei. Sema hata kama atakasirika.

*Siruhusiwi kukaa wodini, naingia saa ya kuona wagonjwa tu.* Acha ile karatasi moja kwenye faili, mwombe sista aibane. Daftari likae chini ya mto, mgonjwa anayejiweza aandike mwenyewe. Ukiingia, kabla ya kumpa chakula, muulize alichopewa tangu ulipotoka.

*Anazidi kuwa mbaya usiku na naambiwa ningoje raundi ya asubuhi.* Sema unachokiona, usiseme "hali si nzuri" peke yake. "Anapumua mara 34 kwa dakika, jioni ilikuwa 20. Haniitikii." Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama kifua. Omba apimwe presha, joto na oksijeni hapo hapo, na daktari wa zamu aitwe. Ikishindikana, nenda kwa msimamizi wa zamu wa hospitali.

*Nimesahau kumpa dozi nyumbani.* Usimpe mbili kwa pamoja kufidia. Piga simu au rudi dirisha la dawa uulize, hasa dawa za kisukari, kifafa, moyo na za kuzuia damu kuganda.

*Kosa limeshatokea.* Kwanza mgonjwa: mwite mhudumu, sema dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Usitupe kichupa, boksi wala bahasha. Andika mfululizo wa matukio siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na uchungu. Omba kukaa na muuguzi kiongozi wa wodi na daktari, uliza nini kimetokea, mgonjwa anafuatiliwaje sasa, na nini kitabadilishwa. Usipopata jibu, andika barua kwa mganga mfawidhi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Juu ya hapo kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza la Famasi. Kwa walio Kenya, malalamiko dhidi ya daktari au hospitali hupelekwa KMPDC, baraza la madaktari la huko. Faili lisichukuliwe kwa siri wala sista asirekodiwe na kurushwa mitandaoni. Mtu aliyetishwa hasemi ukweli wa kilichotokea, na bila ukweli huo kosa litamkuta mgonjwa wa kesho.

*Dawa ilikuwa sahihi, ilitolewa sawasawa, lakini imemdhuru.* Hiyo nayo hutolewa taarifa. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa, kama uko Zanzibar. Mpe jina la dawa, namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, na siku dalili zilipoanza. Kisha ongeza jina la dawa hiyo kwenye ile karatasi moja ya mgonjwa, kwa herufi kubwa.